Hodi Kwenye Jengo Langu

Machi 2

Dada amenipa daftari hili kwa sharti moja: kila siku niandike hali ya hewa na kazi iliyofanyika, basi. Yeye ni wakili, na mawakili wanaamini kwamba jambo lisiloandikwa halikutokea. "Mvua ikikusimamisha, andika. Ikiacha, andika. Siku ukigombana na mwenye kazi, hayo ndiyo yatakayokusemea." Nikamwambia sina nia ya kugombana na mtu. Akacheka. Ananijua tangu nikiwa natambaa.

Haya basi. Leo jua. Tumemaliza kuezeka upande wa pili. Na kwa kuwa hakuna wa kunizuia, naandika na hili: nimefurahi mno. Nimejenga miaka mingi chini ya wakandarasi wengine, lakini hii ndiyo kazi ya kwanza iliyoandikwa jina langu kwenye ubao wa getini. Madarasa manne, ofisi, na ukumbi wa shule wenye mlango mpana wa mbao unaofungukia barabarani. Adhuhuri nilisimama katikati ya ukumbi mtupu nikapiga kofi moja ili nisikie mwangwi. Nyapara wangu, Babu Timazi, akaniuliza kama kuna mbu.

Machi 5

Manyunyu asubuhi, jua mchana. Lipu ya ndani.

Machi 9

Mawingu. Mwenyekiti wa bodi ya shule amekuja kukagua. Mafundi wamembandika jina Kesho Asubuhi, maana kila kitu anakitaka kesho asubuhi. Ni bwana mrefu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, na akiingia mahali anatembea mikono nyuma kama anakagua gwaride.

"Mama Mkandarasi, lipu hii inakauka lini?"

"Itakapokauka, mwenyekiti."

"Tuseme kesho asubuhi?"

"Tuseme wiki ijayo, mvua ikiniruhusu."

Akaitikia kwa kichwa, kisha akaugusa ukuta kwa kidole. Alama ya kidole chake ipo pale mpaka sasa. Babu Timazi amesema tuiache kama kumbukumbu.

Machi 16

Mvua kubwa, kazi imesimama. Nimekwenda kwa Dada kula, nikala na somo juu yake. Ameusoma mkataba wangu wote. Mimi nilisoma michoro yote, mstari kwa mstari, ila mkataba nilisoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho.

"Na ya katikati?" akaniuliza.

"Nilijua utayasoma wewe."

Akanionyesha. Tarehe ya kukabidhi ni mwisho wa Aprili. Nikipitisha siku hiyo bila sababu inayokubalika, bodi ya shule ina haki ya kunifukuza na kumpa mwingine amalizie. Na mkandarasi akifukuzwa kwenye kazi yake ya kwanza, waliompa leseni wanaifuta. Alilisema hilo taratibu, kama daktari. Mimi nikaendelea kutafuna ingawa chakula kilikuwa hakipiti. Ile leseni nimeihangaikia kwa miaka, nimefanya mtihani mara mbili, na Mama ameitundika sebuleni juu ya picha ya harusi yangu.

Machi 17

Mvua. Mafundi wamekaa chini ya paa wakicheza karata. Nimewaambia kila atakayeshindwa apige msasa fremu moja. Fremu zote zimepigwa msasa.

Machi 25

Leo siandiki kuhusu kazi, naandika kuhusu upepo. Saa nne asubuhi mvua ilikuja imelala, si ya kusimama, na jengo la zamani la shule likavuliwa mabati kama mtu anavuliwa kofia. Tulisikia kishindo, kisha watoto. Hakuna aliyeumia, nashukuru Mungu. Lakini walikuwa wamesimama uwanjani, madaftari vichwani, na mwalimu wao akizunguka asijue awapeleke wapi.

Nikafungua ule mlango mpana wa ukumbi na kuwaita. Waliingia wote kwa mbio wakakaa kwenye sakafu niliyoilainisha juzi. Babu Timazi alishika kiuno akiangalia matope. Nikamwambia sakafu itaoshwa. Mama alitulea hivyo. Nyumbani kwetu mtu akipiga hodi mvua inanyesha, unamwitikia kwanza, jina utamuuliza akishakauka.

Kesho Asubuhi alifika amelowa chapachapa, shati lake kwa mara ya kwanza limekunjamana. Alinishika mkono kwa mikono miwili. Nikadhani nimepata rafiki.

Machi 30

Jua na mvua kwa zamu. Watoto wangali ukumbini. Wameletewa madawati. Sisi tunapiga rangi madarasani kimyakimya, na nimejifunza tena jedwali la saba la kuzidisha.

Aprili 3

Mvua. Meza kubwa imeingia ofisini. Na kiti. Na pazia, la rangi ya kijani kibichi. Hakuna aliyeniuliza.

Aprili 6

Jua. Nimeharibu, na ninajua nimeharibu.

Nilifika nikitokea kununua rangi nikasikia nyundo. Kesho Asubuhi alikuwa juu ya dawati, anapigilia msumari wa kutundikia saa kwenye ukuta wa ukumbi. Kwenye lipu yangu changa. Vipande vinadondoka, ufa unatambaa, naye anaendelea kugonga. Wazazi walikuwa wamekuja kwenye mkutano, wamejaa mlangoni.

"Mwenyekiti, shuka hapo."

"Nimebakiza kidogo."

"Shuka. Hili jengo bado ni langu. Sijalikabidhi. Hupigi hata pini humu bila mimi."

Nilipaza sauti. Wazazi wote waligeuka. Alishuka pole pole, akaniangalia, akaitundika saa yake. Haikukaa sawa. Mpaka naondoka ilikuwa imeinama kushoto, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Aprili 8

Mawingu. Nimekuta kufuli.

Kubwa, la shaba, kwenye mlango mpana wa ukumbi, na jingine kwenye mlango wa ofisi. Mlinzi wa shule ananitazama kwa aibu. "Watoto nawafungulia, ila wewe mwenyekiti amesema ukitaka kuingia umwombe. Anaogopa usije ukang'oa madirisha." Ning'oe madirisha yangu! Damu ilinichemka mpaka masikio. Mafundi wamesimama na ndoo za rangi. Babu Timazi, ambaye huwa hana haraka hata ya kula, alikuwa ameshachukua mkasi wa kukatia nondo.

Nimeshika simu, nikampigia Dada ili awe shahidi wa nitakachofanya.

"Usiliguse," akasema.

"Dada, wamenifungia kazini kwangu."

"Usiliguse hilo kufuli. Usilitikise. Usilitazame vibaya. Ninakuja."

Alikuja na viatu vya ofisini kwenye tope, akalipiga picha kufuli kama anapiga picha ya mtoto mchanga. Kisha akanivuta pembeni, akafungua mkataba pale katikati ambapo sikupasoma, akanisomea: mwenye kazi akilichukua jengo na kulitumia kabla hajakabidhiwa, siku aliyolichukua ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kukabidhiwa.

Nikarudia mara tatu ndipo ikaniingia. Kama amelichukua leo, basi leo nimekabidhi. Nimekabidhi kabla ya mwisho wa Aprili. Sijachelewa na sitachelewa tena maishani mwangu. Nilitaka kumbeba Dada.

"Tulia," akasema. "Akishtuka akalitoa kufuli, atasema hakulichukua jengo kamwe, aliwahifadhi watoto tu kwa hisani yako. Na wewe, mdomo wako, umetangaza mbele ya wazazi wote kwamba jengo ni lako. Kila mzazi aliyekuwepo ni shahidi wake."

Sikumbeba tena.

Aprili 9

Mvua. Nimepita mbele ya kufuli nikilitazama kwa upendo.

Aprili 14

Mvua. Nimewapeleka mafundi kwenye kazi ndogo ya uzio kwingineko. Kilichobaki ni rangi ya ukumbi, kingo za ngazi za nyuma, mifereji na kuziba pale mapaa mawili yanapokutana, na vifaa vya kazi hizo vyote viko nyuma ya kufuli. Dada amemwandikia mwenyekiti akiomba nifunguliwe nimalizie. Hakujibu. Dada anatabasamu kila asipojibiwa. Zamani nilidhani sheria ni kazi ya watu wanaopenda makaratasi kwa sababu hawapendi watu. Sasa naona ni kama kumwaga zege: ukishamwaga, unakaa pembeni na kuliacha lishike. Tabu yangu ni kukaa pembeni.

Aprili 22

Mvua mbaya sana. Mlinzi amenipigia: ukumbi unavuja pale mapaa mawili yanapokutana, maji yanadondoka kwenye madawati ya watoto wadogo.

Nilijua kwa nini. Pale palikuwa pamebaki kuzibwa, na ningeshapaziba kama ningekuwa ndani. Nikampigia Dada, akasema mkandarasi aliyekabidhi harudi ndani kama bado ni kwake. Nikamwambia mimi siwezi kulala jengo langu likidondokea vichwa vya watoto. Akasema, "Nenda. Lakini uende kama mgeni. Uombe."

Nikaenda na Babu Timazi, ngazi begani. Mlango umeegeshwa kwa ndani. Nikasimama mbele ya mlango ambao nilipima fremu yake mwenyewe, nikachagua mbao zake mwenyewe, nikafungua kinywa.

"Hodi."

Sikudhani neno dogo hivyo linaweza kuchoma.

"Karibu," akajibu Kesho Asubuhi kutoka ndani. "Futa miguu."

Nimefuta. Nimepanda, nimeziba, nimeshuka. Alinishikia ngazi, lazima niandike na hilo, alinishikia ngazi muda wote, maji yakimdondokea shingoni. Watoto walikuwa wamesogezewa upande mkavu. Nilipomaliza aliniuliza, "Haitavuja tena?" Nikamwambia haitavuja. Akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Wakati natoka nilimsikia akiufunga mlango kwa ndani nyuma yangu, kufuli likining'inia nje.

Dada aliposikia alitaka kujua nani mwingine alikuwepo. Nikamwambia Babu Timazi na watoto wa darasa la kwanza. Akaguna. "Nyapara wako na watoto si mashahidi."

Aprili 30

Jua kali, kwa kunidhihaki. Leo ndiyo tarehe.

Mei 2

Barua imefika. "Kwa kuwa umeshindwa kukamilisha rangi ya ukumbi, kingo za ngazi na mifereji kwa muda uliokubaliwa, bodi inasitisha mkataba wako." Nakala imepelekwa kwa waliotoa leseni yangu. Naam, ananifukuza kwa kazi alizonifungia nje nisizifanye.

Mama ameisoma akaikunja. Alipopita sebuleni aliifuta vumbi fremu ya leseni kwa upindo wa kanga yake, na fremu haikuwa na vumbi.

Mei 3

Mvua. Dada amewasilisha shauri kwa mwamuzi wa migogoro ya ujenzi, kama mkataba unavyotaka. Anasema tutasikilizwa haraka. Nimeshindwa kukaa kitako. Nimepaka rangi jiko la Mama, halijaombwa.

Mei 7

Dada amekuja kuchukua daftari hili ili alitoe kama ushahidi wa siku za mvua. Alisimama dirishani akalipitia. Aliangalia tarehe na mvua za mwanzo akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Akafika mahali akasoma kwa sauti: "Mikono nyuma kama anakagua gwaride." Akafunua. "Nashukuru Mungu, mbu, karata, jedwali la saba." Akafunua tena, akafika kwenye viatu vyake vya ofisini na tope.

"Hivi ndivyo nilivyokuambia uandike?"

"Mvua ipo. Angalia, kila siku nimeandika mvua."

"Mdogo wangu, nikilipeleka hili mbele ya mwamuzi, tutashtakiwa na mvua pia."

Amenirudishia. Tumecheka mpaka Mama akaja kuuliza. Sijacheka hivyo na Dada tangu kabla hatujaolewa.

Mei 12

Mvua nyepesi. Tumesikilizwa.

Mwamuzi ni mama wa makamo, mnene, miwani imefungwa uzi shingoni, anaongea kidogo. Alikuwa mhandisi kabla hajaingia kwenye sheria. Chumba kidogo, meza ndefu, sisi upande huu, wao ule. Kesho Asubuhi na wakili wake, kijana mwerevu mwenye sauti nzuri. Lazima nikubali, alisema vizuri.

"Jengo hili halijawahi kuchukuliwa na bodi. Watoto waliingia kwa huruma ya mkandarasi, tunamshukuru. Kufuli lilikuwa la usalama. Na msiniulize mimi jengo lilikuwa la nani mwezi Aprili, mwulizeni mkandarasi mwenyewe. Mbele ya wazazi zaidi ya arobaini alisema: hili jengo bado ni langu."

Mwamuzi akanigeukia. "Ulisema hivyo?"

Dada alikuwa ameniambia nijibu kifupi. "Nilisema."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti kubwa, mheshimiwa. Alikuwa anaharibu lipu."

Akaandika kitu. Nilihisi leseni inashuka ukutani yenyewe. Dada akaeleza picha ya kufuli, pazia, meza. Wakili wao akajibu kwamba pazia halijengi umiliki. Mwamuzi alivua miwani, akasema maneno yanazunguka, atakuja keshokutwa aone kwa macho yake.

Tulipotoka sikujua kama nina hofu au hamu. Nadhani vyote. Keshokutwa atalikuta kufuli. Hakuna wakili mwenye sauti nzuri kuliko kufuli la shaba.

Mei 13

Mvua. Babu Timazi amepita shuleni, kufuli lipo. Nimemtuma tena jioni, lipo.

Mei 14

Leo ndiyo siku.

Tulifika mapema, mimi, Dada na Babu Timazi. Mvua ya kawaida, ile isiyo na haraka. Nikatazama mlango wa ukumbi. Kufuli halipo.

Wamelitoa. Na la ofisini pia. Mlango umefungwa tu kwa kitasa, kama mlango wowote. Wakili wao alikuwa barazani chini ya mwavuli akatusalimia kwa adabu kamili. Nikamtazama Dada. Alitoa ile picha kwenye mkoba, akaitazama, akairudisha. Babu Timazi akanong'ona, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nikamwambia leo sina mgeni wala mwenyeji.

Mwamuzi akaja na viatu vya mpira na mwavuli mweusi. Akatusalimia wote. Akazunguka jengo pole pole, akatazama ngazi, mifereji, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Kisha akaja barazani, mbele ya ule mlango mpana. Sote nyuma yake: mimi, Dada, Babu Timazi, wakili wao, na Kesho Asubuhi aliyekuwa amevaa lile shati lake la mikunjo ya kusimama. Nilidhani atasukuma mlango. Mkono wake ulikuwa karibu kabisa na kitasa. Hakusukuma. Aligonga mara moja, akasimama kando kidogo kama mtu aliyelelewa.

"Hodi."

Jamani. Ulimi wangu ulishaanza. Mtu anapiga hodi, mvua inamdondokea mgongoni, nyumba niliijenga kwa mikono yangu, na mimi ni mtoto wa mama yangu. Dada alinikanyaga kidole cha mguu kwa kisigino. Nikang'ata meno. Machozi yalinitoka, nusu ya kidole, nusu ya aibu.

"Hodi," akarudia.

Ndani hata mtoto mmoja hakuitikia, nadhani walikuwa wameonywa. Mvua tu. Wakili wao aligeuka haraka kumtazama mteja wake, na nadhani aliliona linakuja kabla yetu sote, maana alinyoosha mkono. Alichelewa.

"Karibuni, karibuni sana," akasema Kesho Asubuhi, akipita mbele ya kila mtu kwenda kufungua mlango. "Piteni ndani msilowe. Miguu tu mfute hapo, samahani, sakafu ni mpya. Karibu mama, karibu."

Akaufungua mlango wote, mabawa mawili, akasimama pembeni amenyoosha mkono. Watoto wakasimama kusalimia. Na yeye, Mungu amsaidie, hakuweza kuishia hapo. Alifurahi. Alianza kumtembeza mgeni. Hapa darasa la kwanza. Lile pazia alilichagua mke wangu. Hii ofisi yangu, karibu ukae. Ile saa imeinama kidogo lakini inakwenda vizuri. Sikiliza mwangwi, mama, akapiga kofi moja, sikiliza jumba lilivyo. Kofi lile lile nililopiga mimi mwezi Machi.

Mwamuzi alimsikiliza mpaka mwisho. Akauliza kwa upole kabisa, kama anauliza habari za watoto, "Na mmehamia tangu lini?"

"Tangu Aprili, mwanzoni, nilipoweka..." akanyamaza. Macho yake yakaenda kwa wakili wake, ambaye alikuwa ameyafumba ya kwake.

"Ulipoweka kufuli," akamalizia mwamuzi. Akafuta miwani. "Nimeona nilichokuja kuona. Ahsante kwa kunikaribisha."

Nilitoka nje nikasimama mvuani makusudi. Dada akaja akasimama na mimi, na viatu vyake vya ofisini, tukashikana mikono kama tulivyokuwa tukienda shule. Ninaandika huku nacheka peke yangu. Mama anasema huyo mwamuzi amelelewa vizuri tu, basi. Dada anaapa alifanya kusudi.

Mei 15

Jua. Kidole cha mguu kimevimba. Sijali.

Mei 21

Uamuzi umetoka. Dada amenisomea kwenye simu, nikamwambia asome tena, akasoma tena. Bodi ililichukua jengo siku ilipoweka kufuli, Aprili nane, kabla ya tarehe ya mwisho. Kwa hiyo sikuchelewa. Barua ya kunifukuza haina nguvu. Waliotoa leseni waarifiwe hivyo. Nirudi kumalizia kilichobaki, na bodi inifungulie mlango.

Kuna mstari mmoja mwishoni: mkandarasi anashauriwa kuzungumza na wateja wake kwa sauti ya kawaida. Mama amesema huyo mwamuzi alistahili kuwa shangazi yetu.

Nimepiga yowe moja kubwa jikoni, kwa sauti isiyo ya kawaida, kisha nimelia. Leseni imebaki ukutani. Nimeinyoosha kwa pimamaji.

Mei 26

Mvua inaisha. Kesho Asubuhi alitupokea getini. Nilikuwa nimeandaa maneno makali njia nzima, lakini alionekana mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Tulipokuwa tunapaka rangi alikaa kwenye dawati akitazama.

"Wakili wangu hajanisamehe," akasema.

"Yeye mwenyewe ndiye aliyekushauri ulitoe kufuli?"

"Ndiyo. Akaniambia nisiseme neno lolote siku ile. Neno lolote kabisa."

"Sasa kwa nini ulimwitikia?"

Alinitazama kama nimemuuliza swali la ajabu. "Mtu mzima amesimama mvuani, anapiga hodi. Ningefanyaje?"

Brashi ilinibaki mkononi. Akaendelea, taratibu, akiangalia sakafu. Upepo ulipong'oa yale mabati wazazi walimzonga kila siku, wakimuuliza watoto wao wakae wapi, na alikuwa amewaahidi jengo jipya. Aliogopa nitakasirika niondoke nalo, ndiyo maana akafunga. Na nilipomfokea mbele yao, aliona aibu, akataka pawe na mtu wa kulaumiwa. "Nililitaka sana jengo hili, Mama Mkandarasi. Nikashindwa kungoja."

Kwa karibu miezi miwili nilimjua kama adui. Ni mtu tu aliyependa kile nilichokipenda, kwa haraka zaidi yangu. Nikamwambia ashuke kwenye dawati anishikie ngazi, nikaitoa ile saa, nikaziba ufa, nikapiga msumari mpya mahali panapofaa.

"Imenyooka?" akauliza.

"Imenyooka."

"Lipu hiyo itakauka kesho asubuhi?"

Nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Mei 30

Jua, jua la kweli. Tumemaliza yote: kingo, mifereji, rangi. Ubao wenye jina langu umeng'olewa getini, nimeupakia kwenye gari. Nimeshapita kona ya barabara ndipo Babu Timazi akakumbuka kwamba amesahau pimamaji ukumbini.

Nikarudi peke yangu. Mlango mpana umefungwa, ndani watoto wanasoma. Kitasa hicho nimekishika mara elfu. Nilinyoosha mkono nikisukume, kisha nikaushusha, nikagonga.

"Hodi."

"Karibu," wakaitikia wote kwa pamoja, na mwangwi ukaitikia juu yao.

Nikafuta miguu, nikaingia.